DAFTARI LA RAMBIRAMBI TUNALO, LA WAZEE LIKO WAPI?

Katika kila msiba wa kijiji chetu pana meza ndogo. Huwekwa penye njia ya kuingilia, karibu na turubai, na nyuma yake huketi kijana mwenye mwandiko mzuri. Mbele yake pana daftari. Kila aingiaye hutoa alicho nacho, na kijana huandika: fulani, shilingi elfu tano, fulani, shilingi elfu mbili, fulani, debe la mahindi, fulani, mkungu wa ndizi. Daftari hilo hutunzwa sana. Hata miaka kumi ikipita, mwenzetu akifiwa, litafunguliwa ili ijulikane nani alikuja kutulilia na nani hakuja.

Hatulilaumu daftari hilo. Ni kazi njema, nayo yaonyesha kwamba watu wetu wangali wanashikana mikono wakati wa taabu. Lakini twauliza swali moja, nalo twaomba kila mwanachama alichukue mpaka nyumbani kwake. Ikiwa twajua kumwandika kwa uangalifu namna hii mtu aliyeleta ndizi, mbona hatumwandiki yule aliyekufa?

Watu watasema kwamba marehemu naye huandikwa, kwa kuwa kabla ya kuteremshwa kaburini husomwa historia yake fupi. Sisi twaijua sana historia hiyo fupi, maana wengi wetu katika tawi tumesomea ualimu, na mtu akifa ndio tuitwao kuiandika. Ni karatasi moja. Marehemu alizaliwa takriban mwaka fulani. Alibatizwa, akafunga ndoa, akajaliwa watoto tisa na wajukuu kadhaa. Alianza kusumbuliwa na miguu, akapelekwa hospitali, na mauti yakamkuta. Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Badilisha jina na idadi ya watoto, na karatasi hiyo hiyo yaweza kusomwa juu ya kaburi la mzee mwingine yeyote kuanzia hapa mpaka njia kuu ya Moshi.

AIBU YETU WENYEWE

Hatutaki kuwanyoshea wengine kidole kabla hatujajinyoshea wenyewe. Basi na tuseme yaliyotupata.

Katika kijiji chetu, kwenye miteremko ya kusini ya Mlima Meru, alikufa bibi mmoja aliyekuwa amepita miaka themanini. Nyumba yake haikuwa mbali na shule. Wajukuu zake walikuja usiku kutuomba tuandike historia fupi. Tukaketi nao, tukauliza, na kwa saa nzima hatukupata maneno ya kujaza nusu ya karatasi. Alizaliwa wapi? Hawakujua. Kabla ya kuolewa aliitwa nani? Hawakujua. Wao walimjua kama mama wa fulani, na wazee walimjua kama mke wa fulani. Tukaandika tulichopata, tukaenda kulala.

Siku ya pili, watu walipokuwa wakifukia kaburi pembeni mwa migomba, mzee mmoja jirani alisema kwa sauti ya chini, kana kwamba ni jambo linalojulikana na wote, ya kuwa yule bibi alikuja hapa akiwa msichana mdogo, wakati watu walipofukuzwa Engare Nanyuki. Alikuja kwa miguu pamoja na mama yake, wakapokelewa na wajomba.

Ndugu wasomaji, sisi ni walimu. Habari za Engare Nanyuki tumezifundisha. Tumesimama mbele ya ubao tukaandika kwa chaki: tarehe 17 Novemba 1951, Wameru wapatao 3,000. Watoto wakanakili katika madaftari yao, wakajibu katika mtihani, wakapata alama. Na kumbe mmoja wa hao 3,000 alikuwa akipita nje ya dirisha la darasa karibu kila siku, kichwani amebeba majani ya ng'ombe. Sisi tulimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba, tukaendelea na kazi zetu.

Tulimwahidi yule mzee jirani kwamba tutakwenda kwake kumwuliza zaidi. Tukasema baada ya mitihani. Kisha tukasema baada ya mvua. Kabla ya mavuno naye tukamzika. Historia yake fupi ilikuwa karatasi moja.

WATU HAWA NI AKINA NANI

Huenda wako vijana wasomao gazeti hili ambao hawaijui vizuri habari yenyewe, basi tuikumbushe kwa kifupi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni, iliyokuwa ikiishika Tanganyika kwa udhamini wa Umoja wa Mataifa, ilikubali shauri la kuwaondoa Wameru katika ardhi ya Engare Nanyuki, upande wa kaskazini wa mlima, ili eneo hilo liwe la walowezi wa Kizungu wafugao ng'ombe. Wameru waliambiwa wahamie Kingori. Walikataa. Mwezi Novemba 1951 wakaja polisi, watu wakatolewa kwa nguvu, nyumba zikachomwa moto. Wengi hawakukubali kwenda Kingori. Walikwenda kujibanza kwa ndugu zao huku na huku.

Wameru hawakushika silaha. Walichanga fedha, wakamtuma mwenzao, Kirilo Japhet, mpaka New York, pamoja na mwanasheria Earle Seaton, mtu wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Mwaka 1952 Kirilo Japhet akasimama mbele ya Baraza la Udhamini akaeleza dhuluma ile. Umoja wa Mataifa haukuwarudishia ardhi yao. Lakini jambo hilo lilisikika Tanganyika nzima, na watu wakaona kwamba mwananchi aweza kumshitaki mtawala mbele ya ulimwengu. Miaka miwili baadaye, tarehe 7 Julai 1954, TANU ikaundwa, na mwaka 1955 Julius Nyerere naye akasimama mbele ya Baraza lilo hilo.

Jina la Kirilo Japhet limo vitabuni, na ni haki yake. Yeye na Seaton waliandika kitabu juu ya shauri hilo, nacho kilitolewa Nairobi mwaka 1967. Lakini nani aliyetoa fedha za safari? Ng'ombe wa nani aliuzwa? Mama gani alitoa senti za ndizi alizouza sokoni? Nani aliwapokea waliofukuzwa, akagawa shamba lake dogo na watu waliokuja mikono mitupu? Hao ndio tunaowazika sasa. Mkono mmoja haulei mwana, na mtu mmoja hapandi eropleni kwenda New York pasipo watu maelfu kumsukuma kutoka nyuma. Mtu tuliyemwandika ni yule aliyepanda. Waliomsukuma tumewaandikia karatasi moja moja, tena ifananayo.

TUFANYE HESABU

Kuna mfano ambao wapasa kutuamsha. Vita vya Maji Maji vilianza mwezi Julai 1905 huko Umatumbi. Watu wa kusini walioviona wakawa wazee. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kuwauliza, nao wakaandika waliyoambiwa. Mzee aliyekuwa mtoto wa miaka 10 vita vilipoanza, alikuwa na miaka 73 wanafunzi hao walipobisha hodi. Walimkuta. Leo hakuna hata mmoja wa wazee wale aliye hai, lakini maneno yao yamebaki, na watu husoma Maji Maji kwa midomo ya Waafrika wenyewe badala ya kusoma ripoti za maofisa wa Kijerumani peke yake.

Sasa tupige hesabu ya kwetu. Kutoka 1905 mpaka 1968 ni miaka 63. Kutoka 1951, ukiongeza miaka 63, unafika mwaka 2014. Mwaka 2014 umekwisha kupita. Maana yake ni kwamba sisi, wenye shule kila kijiji, wenye kalamu na simu mifukoni, tumechelewa kuliko wanafunzi wale. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 siku nyumba za Engare Nanyuki zilipochomwa alizaliwa mwaka 1941. Kama yupo, amepita miaka themanini. Kila masika huondoka na wengine. Hatuna miaka ya kungoja mradi, wala wafadhili, wala wageni kutoka chuo kikuu. Tuna miezi.

Wala si habari za 1951 tu zinazozikwa. Yatupasa kutaja mambo mawili mengine.

La kwanza ni mipaka. Katika vijiji vyetu wazee ndio wajuao masale yale yalipandwa na nani, na njia ya maji ilipita wapi kabla ya mtu kuigeuza. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaitambua haki ya kimila, na Baraza la Ardhi la Kijiji lina watu saba, watatu wao wakiwa wanawake. Lakini baraza hilo litasikiliza ushahidi wa nani, ikiwa mzee aliyejua amekwisha kuzikwa na hakuna aliyemwuliza? Ndipo ndugu wa tumbo moja huchukua mapanga kwa ajili ya hatua mbili za shamba. Tumeyaona. Mengi ya magomvi hayo yangekwisha kwa sentensi moja ya mzee, kama ingeandikwa mbele ya mashahidi.

La pili ni majina ya akina mama. Ukitembea makaburini utaona wanaume wameandikwa majina yao, na mama wengi wameandikwa kwa jina la mume au la mtoto. Bibi tuliyemzika alibeba mzigo wake akiwa mtoto, akalima miaka sitini, akasomesha watoto kwa kahawa na maziwa, na mwishowe hata jina alilopewa na baba yake halikupatikana. Twawaambia akina mama kila mkutano kwamba wao ni jeshi kubwa. Askari gani huzikwa bila jina?

MANENO YA WANAOPINGA

Tumekwisha kulitaja shauri hili katika mikutano yetu, na tumesikia yanayosemwa dhidi yake. Hatutayapuuza.

Wako wasemao kwamba siku hizi mambo yote yamo katika simu. Msiba mzima hupigwa video. Ni kweli. Jeneza hupigwa video, mashada hupigwa video, viongozi wakiweka mchanga hupigwa video. Chombo hicho huja siku kinywa kimekwisha kufumba. Simu iliyokuja msibani ingeliweza kuja mwaka mmoja kabla, ikawekwa juu ya kigoda mbele ya mzee angali anazungumza. Hatuna ugomvi na simu. Ugomvi wetu ni na siku tunayoitoa mfukoni.

Wengine husema tutafufua chuki. Mambo ya 1951 yamekwisha, walowezi wamekwisha kwenda, ya nini kuchokonoa kidonda? Sisi twaona kinyume. Wazee wetu walidhulumiwa, na wakachagua barua, mchango na hoja badala ya damu. Mtoto akilisikia hilo kutoka kwa babu yake hatajifunza chuki. Atajifunza namna mtu mnyonge anavyoweza kudai haki yake akiwa na akili timamu. Hilo latufaa hata leo.

Wengine tena husema marehemu hasemwi vibaya, na tukiuliza sana yatatoka ya aibu: nani aliogopa, nani alipeleka habari kwa bwana shauri, nani alichukua shamba la nduguye katika ghasia zile. Haya ni maneno mazito. Jibu letu ni hili. Daftari tunalolitaka si la kusifu wala la kuhukumu. Mzee aseme aliyoyaona kwa macho yake. Ya kusikia aseme kwamba aliyasikia. Wazee wawili wakipingana, yaandikwe yote mawili. Na jambo ambalo mzee mwenyewe hataki litoke nje ya ukoo wake, lisitoke. Watu wetu hawakuwa malaika, nao hawahitaji kufanywa malaika ili wastahili kukumbukwa.

Mwisho, wako wasemao kwamba wazee wenyewe hawataki kusema. Hapana. Mzee hasemi kwa mtu aliyesimama mlangoni akitazama saa. Nenda umwamkie, keti, mpelekee sukari kidogo na majani ya chai, mwulize habari za mbuzi wake. Rudi tena. Siku ya tatu ataanza mwenyewe. Wengi wa wazee hawa wanaishi peke yao, watoto wako Arusha na Dar es Salaam, na mchana kutwa hakuna anayewauliza neno isipokuwa kama wametumiwa fedha. Hata kama hatungepata habari moja ya maana, tungekuwa tumemtembelea mtu. Afadhali kikombe kimoja cha chai pamoja na mzee angali hai kuliko sufuria kumi za pilau baada ya kumfukia.

TWATAKA NINI KIFANYIKE

Maneno matupu hayavunji mfupa. Haya ndiyo tuliyoyaazimia katika tawi letu, nasi twawaomba wenzetu wa matawi mengine wayatazame, wayaongeze, wayasahihishe.

Kwanza, kila tawi linunue daftari moja kubwa la jalada gumu. Liitwe Daftari la Wazee. Litunzwe shuleni, katika kabati lenye kufuli, na nakala yake ikae kwa mtu mwingine, ili moto mmoja au mchwa mmoja asituangamizie yote.

Pili, iandikwe orodha ya kila mzee wa kijiji aliyezaliwa kabla ya mwaka 1950, mwanamume kwa mwanamke, tajiri kwa maskini, wa chama kwa asiye wa chama, mwenye dini hii na mwenye dini ile. Daftari hili lisigeuzwe kuwa chombo cha kutafutia kura. Mgombea atakayelibeba jukwaani atakuwa amewauza wazee wetu.

Tatu, tuanze na aliye mzee kuliko wote na aliye mgonjwa kuliko wote. Tusianze na aliye karibu na barabara.

Nne, waende wawili wawili, kijana mmoja wa tawi na mwanafunzi mmoja. Mzee aseme kwa lugha anayoipenda. Akisema Kimeru, kiandikwe Kimeru, kisha ndipo Kiswahili kifuate. Yako maneno ya ardhi, ya ng'ombe na ya mvua ambayo yakihamishwa upesi hupoteza maana yake.

Tano, yaulizwe mambo haya bila kuyasahau: jina lake la kwanza na nani alimpa, alizaliwa wapi na watu wake walitoka wapi, alikuwa wapi mwaka 1951, na tarehe 9 Desemba 1961 siku ya Uhuru, kazi gani ameifanya kwa mikono yake, mipaka gani anaijua, wenzake gani waliokufa angependa wasisahauliwe, na neno gani awaachia watoto. Swali la wenzake waliokufa ni kubwa kuliko yote, kwa maana mzee mmoja aliye hai anaweza kutufungulia makaburi kumi yaliyofungwa.

Sita, mzee asomewe yaliyoandikwa, ayasahihishe, naye aweke sahihi au dole gumba. Habari za mipaka zisemwe mbele ya majirani wa pande zote mbili, na Baraza la Ardhi lipewe nakala.

Saba, siku ya msiba, badala ya ile karatasi moja, na isomwe kurasa yake katika Daftari, watoto wote wakiwapo. Na kila mwaka mara moja, shuleni, yasomwe majina ya wote waliotutoka mwaka ule.

Mambo haya hayahitaji bajeti ya wizara. Bei ya daftari moja ni ndogo kuliko kodi ya spika za msiba mmoja.

Sisi tumeanza. Kurasa ya kwanza tumemwachia yule bibi. Tulirudi kwa watu wa ukoo wake wa kuzaliwa, tukauliza nyumba kwa nyumba, na katika nyumba ya nne mama mmoja mzee sana, dada wa mjomba mtu, akalitaja jina alilopewa akiwa mtoto. Tumeliandika. Hatulitoi hapa, maana ni mali ya ukoo wake. Wajukuu zake walipolisikia walinyamaza kwa muda, kisha mmoja wao, ambaye ana mtoto mchanga wa kike asiyebatizwa bado, akaomba tumwandikie jina hilo katika kipande cha karatasi aende nalo nyumbani.

Chini ya jina hilo kurasa ingali tupu, na itabaki hivyo. Ya yule mzee jirani nayo ni tupu. Kurasa hizo mbili tumeziacha wazi kwa makusudi, ili kila kijana atakayefungua Daftari hilo azione kabla ya kugeuza.

Kurasa ya tatu imeandikwa mbele na nyuma. Mwenyewe yu hai, na Jumamosi twarudi kwake, kwa sababu amesema hajamaliza.